Ushuhuda Wangu Ulinuka Mboga

Leo sina pa kuficha uso.

Nawaandikia nikiwa nimekaa kwenye kibao nyuma ya nyumba, simu ina asilimia kumi na tisa, na sitaki mtu anipigie. Andikeni tu. Kama mmeshasikia habari kutoka kwa watu wa kwaya, basi mliyosikia ni kweli, ila wametia maneno yao kwenye sehemu ya Pasta kukimbia. Pasta hakukimbia. Alirudi nyuma haraka.

Ngoja nianze mwanzo.

Mnajua nimeacha bangi. (Kama hukujua kwamba nilikuwa navuta, wewe ni mgeni kwenye hili kundi, karibu sana.) Nimevuta miaka saba. Asubuhi kabla ya chai, jioni baada ya chai, na mchana nikisubiri chai. Leo ni siku ya arobaini na mbili tangu niache. Nazihesabu mwenyewe kwa sababu Yaya Furaha, dada yangu mkubwa, akihesabu huwa anaongeza moja ili kunipa moyo.

Jamani, kuacha si mchezo. Hakuna aliyeniambia kwamba nitatoa jasho kama mtu aliyebeba saruji, na huku nimekaa tu. Usingizi haupo. Ukija, unakuja na ndoto ndefu, za rangi, zenye watu wengi wanaouliza maswali. Juzi niliota naoa mbuzi, na mbuzi ndiye aliyekataa! Chakula hakipiti. Mikono inatetemeka hadi kikombe kinaimba kwenye kisahani. Naogopa kila kitu. Simu ikilia naogopa, isipolia naogopa zaidi.

Lakini nimeacha. Siku ile ya kwanza nilikusanya kila kitu, hata vumbi la mfukoni, nikaenda kumwaga chooni, nikamwagia na ndoo nzima ya maji juu yake. Nikatoka najiona mtu mpya. Kumbukeni hapo chooni, ndipo balaa lilipoanzia.

Sasa sikilizeni kwa nini leo ilikuwa siku kubwa.

Shemasi Bahati wa kanisa letu ana karakana ya kuchomelea mageti pale Kansanga, kando ya barabara. Nyinyi mnajua mimi na mageti. Nina daftari zima la michoro. Geti la simba wawili wanaotazamana. Geti la tausi. Geti lenye jua linalochomoza, ukilifungua jua linagawanyika katikati mwenye nyumba anapita. (Nacheka peke yangu hapa, lakini siku moja mtaliona Kampala hii, mtasema, huyo ni Fiston wetu.) Shemasi anatafuta mwanafunzi wa kazi. Yaya Furaha amemwomba kwa muda wa wiki tatu, kila Jumapili, baada ya ibada, akiwa amesimama juani na viatu vyake vinavyombana.

Wiki iliyopita Shemasi alikubali, lakini kwa sharti.

"Furaha, karakana yangu ina mitungi ya gesi. Mvutaji karibu na gesi, hapana. Asimame kwanza mbele ya kanisa, atoe ushuhuda, kila mtu amwone. Akishasimama, Jumatatu namchukua."

Yaya alirudi nyumbani anaimba. Yaya alinilea tangu tulipovuka mpaka tukitoka Congo na godoro moja, akilibeba yeye kichwani, mimi nikibeba mto. Sijawahi kumpa sababu ya kuimba. Kwa hiyo nilisema ndiyo kabla sijafikiri.

Na kufikiri nilipaswa kufikiri, kwa sababu ushuhuda wa kanisani kwetu hautolewi kwa mdomo tu. Kuna pipa.

Kwa wasiosali kwetu: nyuma ya kanisa kuna pipa la mafuta lililokatwa katikati. Ukifunguliwa kutoka kwenye kifungo chako, unakuja nacho mkononi. Pasta anakionyesha kwa watu, watu wanakizomea, halafu kinachomwa huku kwaya inaimba. Tumechoma chupa za waragi. Tumechoma tiketi za beti, mfuko mzima. Mama mmoja alichoma laini ya simu aliyopewa na mume wa mtu, tukakohoa plastiki hadi Jumatano. Bila kitu, hakuna pipa. Bila pipa, hakuna ushuhuda.

Na mimi kitu changu kiko chooni tangu wiki sita zilizopita.

Jana mchana nikampigia Pasta, jasho linatiririka.

"Pasta, bwana asifiwe. Kuhusu kesho. Ile kitu nilishaitupa."

"Amina! Uliitupa wapi?"

"Chooni, Pasta."

"Sasa, ndugu Fiston, kesho tuchome choo?"

"Hapana, Pasta."

"Angalia vizuri. Huwa kinabaki kidogo. Mfukoni, chini ya godoro. Mwaka jana tulimkubalia mmoja asimame mikono mitupu, Jumatano hiyohiyo tukamkuta baa, na bado alikuwa amevaa suti ya ushuhuda. Watu walinilaumu mimi. Uje na kitu, Fiston."

Nikatafuta. Nikainua godoro. Nikapekua mifuko ya suruali ambazo hata hazinienei tena. Hakuna! Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilikuwa mtu msafi, na usafi wenyewe ndio unaoniponza.

Leo asubuhi nikaamua kufanya kitu cha kijinga kabisa. Niliamua kwenda kununua.

Msinitukane bado. Niliwaza hivi: nanunua kidogo, sikigusi, nakipeleka moja kwa moja kwenye pipa. Kinaungua, namaliza. Hata malaika wangeelewa. Nikatoka mapema, Yaya akiwa anapiga pasi, nikaenda kwenye ile kona yangu ya zamani. Anayeuza pale tunamwita Daktari. Ni Muganda mmoja mpole, hana haraka, na kweli hajawahi kusahau sura ya mgonjwa wake.

"Eeeh, ssebo! Mgonjwa wangu! Umepona au umehamia kwa daktari mwingine?"

"Nimekuja kununua kidogo tu," nikasema, sauti imekuwa nyembamba kama ya kifaranga. "Ni ya kuchoma."

Akacheka hadi akashika goti. "Wote hununua ya kuchoma, ssebo."

"Hapana, yaani kuichoma kabisa. Kanisani."

Hapo aliacha kucheka, akanitazama kwa huruma, kama mtu anayeona ugonjwa umepanda kichwani. Akafungua kiganja.

"Ya leo ni bure. Karibu tena nyumbani."

Jamani. Harufu ilipanda, ikanisalimia kwa jina. Mate yakajaa mdomoni. Nikaona mkono wangu unanyanyuka wenyewe, na cha kutisha ni kwamba ulikuwa hautetemeki! Siku arobaini na mbili unatetemeka kwenye chai, kwenye sabuni, kwenye mlango, halafu pale ukatulia tuli kama mkono wa fundi saa.

Nikakimbia.

Sikuaga. Nilikimbia hadi kwenye pampu ya maji, nikashika ukuta, nikahema. Watu wenye madumu wakanitazama. Nilikuwa na furaha na nilikuwa nataka kulia. Halafu nikakumbuka kwamba bado sina kitu cha pipa, na kanisa linaanza saa nne.

Nikaingia uani kwetu nimeinamisha kichwa. Na hapo, kwenye gunia safi lililotandazwa juu ya jiwe kubwa la kufulia, jua likiyapiga, nikaona majani.

Hayo yalikuwa majani ya kunde ya Mama Akello.

Mama Akello ni jirani yetu wa mlango wa pili, mjane wa askari, mtu wa Kaskazini. Dada yake humtumia kunde kwa basi kutoka Gulu. Yeye huzianika siku tatu, na akija kuzipika na siagi ya simsim, yaani ufuta uliosagwa, sisi wa nyumba zote tunajifanya tunapita tu mlangoni kwake kwa bahati mbaya. Zilikuwa zimekauka vizuri. Kijani cha kukolea, kahawia pembeni, zikivunjikavunjika. Nikaziangalia. Nikainama. Nikaziangalia kwa jicho la mtu aliyevuta miaka saba.

Hata mimi ningedanganyika.

Mama Akello alikuwa hayupo, ameenda kuchota maji. Nikasema nachukua konzi moja, jioni nitamwambia, atacheka. Nikasugua viganjani, zikawa laini. Nikatoa vijiti vikubwa, nikaacha vidogo. Nikatia na punje chache za ulezi ziwe kama mbegu. (Mtu akifanya kitu, afanye vizuri.) Nikafunga kwenye karatasi za gazeti, kete kama za kona, zile zenye mkia uliosokotwa. Kete moja ikaonekana ndogo. Miaka saba, kete moja? Watu watasema huyu hakuwa mvutaji, alikuwa mgeni. Nikafunga tatu. Nikafunga tano. Nilipofika kumi nikageuka, nikaona gunia la Mama Akello limebaki na majani ya kuhesabika, na mende mmoja.

Nilipaswa kusimama hapo. Lakini Yaya aliita.

"Fiston! Saa imefika! Kile kitu unacho?"

"Ninacho, yaya."

Akatoka amevaa kitenge chake cha bluu, akatazama mfuko wa kete mikononi mwangu, uso ukabadilika. Yaya hajawahi kushika bangi maisha yake yote. Akanyoosha mkono.

"Leta hapa."

"Yaya, acha, nitabeba mwenyewe."

"Weye unabeba nini? Pale barabarani polisi wanasimamisha watu tangu asubuhi. Wakikukamata leo, na kesho una kazi? Leta. Wakikamata, wanikamate miye."

Na akanyang'anya mfuko, akauweka juu ya kifua, akaweka Biblia juu yake, akafunga kitenge kingine juu ya vyote viwili. Ningesema. Nawaapia nilifungua mdomo. Lakini ningesema nini? Yaya, hiyo ni mboga, twende tukaidanganye nyumba ya Mungu? Nikafunga mdomo. Tukaondoka.

Polisi walikuwepo kweli, wawili, wakikagua boda. Yaya alianza kutembea kama mtu aliyebeba mayai. Nikasikia anapumua kupitia mdomo. Mimi nami nikaanza kuogopa, ingawa najua kilichomo! Nikawaza, wakifungua, nitawaambia ni kunde. Na kila aliyewahi kukamatwa na bangi Kampala hii lazima aliwaambia ni mboga. Nitakuwa mtu wa kwanza katika historia kusema kweli, na nitalala ndani.

Mmoja wa wale polisi akainua mkono. "Mama! Habari ya asubuhi?"

"BWANA ASIFIWE, AFANDE!" Yaya akapiga kelele hadi mwenye boda akaangusha kofia.

"Amina," polisi akasema, akashtuka kidogo. "Mtuombee."

"TUTAWAOMBEA!"

Tulipopita ile kona ya duka, Yaya akasimama. Machozi yalikuwa yanamtoka. Akanishika bega. "Mdogo wangu," akasema, "sasa imeisha. Leo inaisha." Nikatamani ardhi ipasuke, lakini kwanza impishe Yaya, halafu ndiyo inimeze mimi.

Kanisani tulikaa mstari wa pili. Shemasi Bahati alikuwa mbele, na koti lake la kijivu, mikono yake ikiwa na zile alama ndogondogo za cheche. Alinitikisia kichwa. Nikatikisa changu, kikaendelea kutikisika chenyewe.

Tukaimba. Tukaomba. Jasho likashuka mgongoni hadi kwenye mkanda. Na hapo mlango ukafunguliwa, nikageuka, na nani anaingia? Mama Akello! Na kilemba kipya, na mkoba, anaongozwa na mpokea wageni hadi mstari wa mbele kabisa.

"Yaya," nikanong'ona, "yule amefuata nini hapa? Si yeye ni Mkatoliki?"

"Nilimwalika," Yaya akasema kwa fahari. "Miaka yote moshi wako umeingia dirishani kwake. Ana haki ya kuona."

Mama Akello alipotupita aliinama kumsalimia Yaya. "Furaha, samehe, nachelewa. Mtu naiba mboga yangu kwa gunia. Natafuta mpaka kwa nyumba ya kuku. Mimi nikipata yeye..." Hakumalizia. Alionyesha tu kwa mkono, jinsi mtu anavyokamua nguo.

Sikumbuki mahubiri. Nakumbuka nilijaribu kuwaza mageti.

Kisha Pasta akasema, "Leo tuna ushuhuda!" na watu wote wakasimama, wakatoka kwa mlango wa nyuma wakiimba, tukajipanga kuzunguka pipa. Makaa yalikuwa yameshawashwa. Yaya akafungua kitenge, akamkabidhi Pasta mfuko kwa mikono miwili, kama mtu anayetoa mtoto kubatizwa. Watu wakapiga vigelegele.

"Ndugu Fiston! Sema!"

"Mimi... nilikuwa navuta. Miaka saba. Sasa sivuti." Hilo lilikuwa kweli. Ningeishia hapo.

"Na hii ni nini?" Pasta akainua kete juu.

"Ni... ndiyo hiyo, Pasta."

"Tuone adui!" Akafungua kete moja, akamimina kwenye sahani ya sadaka, akazunguka nayo mbele ya watu. Watu wakazomea. Wamama wakaziba pua. Mwimba tenori mmoja akasema, "Nasikia kichwa kinazunguka," akashikiliwa. Sahani ikafika kwa Shemasi, akaitazama, akanusa, akakunja uso. Ikafika kwa Mama Akello. Alitoa miwani kwenye mkoba. Akavaa. Akainama. Akanyanyua kichwa, akaitazama sahani ikiondoka, kama mtu aliyeona sura anayoijua lakini jina limempotea.

Pasta akatupa kete tatu kwenye makaa.

Moshi ukapanda. Kwaya ikaanza wimbo wa ushindi. Na polepole, katikati ya ushindi, ikaja ile harufu. Mnaijua. Ni harufu ya sufuria ya mboga uliyoisahau jikoni ukaenda kupiga soga kwa jirani. Soprano zikapungua. Watu wakaanza kutazamana. Mzee mmoja nyuma yangu akauliza, kwa sauti ya chini kabisa, "Leo kuna chakula baada ya ibada?"

"HIYO KUNDE YANGU!"

Mama Akello alikuwa tayari amefika kwenye pipa. Alikuwa ameshaingiza mkono kwenye ule mfuko alioushika Pasta, anatoa kete moja baada ya nyingine, anatia kwenye mkoba wake.

"Mama, acha!" Pasta akasema. "Hiyo ni bangi!"

"Bangi gani? Mimi bibi ya askari! Miaka ishirini nakaa kambini! Bangi najua, kunde najua!"

"Mama, adui anakudanganya..."

Basi Mama Akello akafungua kete, akachota kwa vidole vitatu, akatia mdomoni, akatafuna.

Kanisa zima likasema "Aaaaah!" Hapo ndipo Pasta aliporudi nyuma haraka. Wamama wawili wakamkimbilia wamtemeshe, mwingine akaanza kukemea kwa jina la Yesu, yule wa tenori akakaa chini kabisa. Mama Akello akaendelea kutafuna taratibu, macho yamefungwa, kama mtu anayeonja mchuzi wa mwenzake.

"Chumvi yangu hii," akasema. "Mimi nachemsha na chumvi kwanza, halafu naanika." Akatema kitu kidogo kiganjani, akakitazama. "Na nani naweka ulezi kwa mboga yangu?"

Kwaya ikakatiza wimbo.

Kisha macho. Macho yote, ya kwaya, ya wazee, ya wapokea wageni, yakanigeukia mimi. Mende ana pa kujificha. Mimi nilikuwa na pipa tu mbele yangu, na lilikuwa linawaka.

"Ndugu Fiston," Pasta akasema polepole, "kanisa limeona ushuhuda, au limeona upishi?"

"Upishi!" mtu akajibu nyuma. Wakacheka. Shemasi Bahati hakucheka. Alipiga hatua moja.

"Kama hii ni mboga," akasema, "bangi yako iko wapi?"

Na hapo nikaelewa jinsi inavyoonekana. Ilionekana kwamba nimeificha. Kwamba nimechoma mboga ya mjane ili nibaki na yangu. Nikamtazama Yaya. Yaya alikuwa anatazama kitenge chake, akikikunja na kukikunjua.

"Nilipita mbele ya polisi," akasema, si kwa sauti kubwa. "Moyo ulisimama. Nilisema moyoni, watanifunga, lakini huyu atapona. Na ilikuwa mboga?"

"Ndiyo, yaya."

"Na ulijua?"

"Nilijua."

Nimeumbuka mara nyingi katika maisha yangu. Niliwahi kuanguka kwenye mtaro mbele ya msichana. Lakini hii ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu hapa watu walikuwa wamenyamaza.

Nikaanza kusema. Sikupanga. Niliwaambia yote. Kwamba nilitupa chooni. Kwamba nilimwambia Pasta. (Pasta akakohoa.) Kwamba asubuhi nilikwenda kununua ili nionekane nimeacha. Niliwaambia kuhusu kiganja cha Daktari, na mkono wangu ulivyotulia, na kwamba hicho ndicho kitu kilichonitisha kuliko vyote katika siku arobaini na mbili. Kwamba nilikimbia. Kwamba niliona kunde, nikaona afadhali niwe mwongo kuliko kurudi pale kona. "Sina kitu cha kuchoma," nikasema. "Nina haya matetemeko tu, na hayashikiki." Nikalia, jamani. Mbele ya soprano wote.

Mama Akello alikuwa bado anatafuna.

"Huyu kijana," akawaambia watu, akinielekeza kidole, "ni mwizi ya kunde. Kabisa. Lakini moshi, mwezi mzima, hakuna. Mimi nalala na dirisha wazi. Hiyo muandike pia."

Shemasi Bahati akaja hadi kwangu. Akanishika mikono, akaigeuza viganja juu, akaitazama kama mtu anayekagua chuma kama kina kutu.

"Inatetemeka."

"Ndiyo, Shemasi."

"Kwa kuogopa, au kwa kuacha?"

"Sijui tena, Shemasi."

Akaishika muda mrefu kidogo. Watu walikuwa wanasogea kusikia. "Ungenunua," akasema, "ungeileta hapa, tungepiga makofi, na kesho ningekuweka karibu na gesi." Akaniachia. "Njoo kesho saa moja asubuhi. Utaanza na msasa. Mashine utaigusa siku mikono itakapotulia, na wewe ndiye utakayeniambia, si mimi nikuulize. Ukinidanganya hata kuhusu msumari, unarudi kwa mboga zako."

Nilitaka kumshukuru. Kilichotoka ni kwikwi.

Njiani Yaya alitembea mbele, mimi nyuma hatua kumi, kama mtu na mbuzi wake. Tulipofika kwa wale polisi, yule wa asubuhi akainua tena mkono.

"Mama! Mlituombea?"

Yaya akasimama. Akamtazama. Mabega yakaanza kutikisika. Nikajua analia, nikakimbia kumshika, kumbe anacheka! Alicheka hadi akakaa kwenye ukingo wa barabara na kitenge chake cha bluu, viatu akavivua, anajaribu kumweleza polisi, "Afande, asubuhi... asubuhi mie nilibeba..." halafu inamshinda, anaanza upya. Polisi naye akaanza kucheka bila kujua kitu. Mimi nilisimama pale nikiwa nimemshikia viatu. Sikuwahi kumwona Yaya akicheka hivyo tangu tufike nchi hii.

Msidhani nimesamehewa. Mama Akello alifika nyumbani kabla yetu na fungu kubwa la kunde mbichi kutoka sokoni. Nimechambua, nimechemsha (na chumvi), nimeanika. Sasa nimekaa kwenye hiki kibao nalinda gunia, kuku wasije, na atakuja kukagua kila siku jioni hadi zikauke. Kila anayepita uani anasimama. "Shikamoo, mzee wa kete." "Kijana, unauza?" Mtoto wa mwenye nyumba ameniuliza kama ni kweli nilimlevya Pasta. Watu wa kwaya wameshanibadilisha jina. Si Fiston tena, ni Kunde. Hata Shemasi, nilipokuwa naondoka, alisema bila kucheka, "Kesho saa moja, Kunde."

Hamu bado ipo, kama mnataka kujua. Ilikuja mara mbili nikiwa naandika hapa. Nimeinuka nikafukuza kuku ambao hawakuwepo, ikapita.

Basi chekeni, lakini mmalize leo. Kuanzia kesho niko karakana, siku moja nitashika moto wa kuchomelea, na mageti yenu nitayatengeneza mimi na hii mikono.